Geji 12, 70 na namba 7½: zinamaanisha nini?

Mgeni_wa_Rangi: Wakuu, nimeanza kujifunza kulenga visahani vinavyorushwa hewani, kwa bunduki ya marisaa (punje nyingi ndogo), hapa Nairobi. Kwenye pakiti ya risasi naona 12, 70, 28 g na 7½. Nisaidieni kuzisoma.

Mtutu_Mbili: 12 ni geji, upana wa mtutu. Ukigawa ratili moja (gramu 454) ya madini ya risasi kuwa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huenea mtutu huo, takriban milimita 18.5. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba zaidi, 15.6 hivi. 70 ni urefu wa ganda kwa milimita, ukipimwa *baada* ya kufyatuliwa, mkunjo wa mdomo wake ukiwa umefunguka. Hapo ndipo wengi hukosea: ganda la 76 huingia vizuri kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ganda linapokaa) ya 70, lakini mkunjo hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Soma maandishi ubavuni mwa mtutu ujue urefu wa chemba. 28 g ni uzito wa marisaa yote. 7½ ni ukubwa wa punje, na namba ikipanda punje hupungua.

Bi_Shabaha: Niongeze, usichanganye geji 12 na 20 mfukoni. Ya 20 huteleza kupita chemba na kukwama mtutuni. Ukidhani hujaweka kitu, ukasukuma ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Viwanda vingi hupaka ganda la 20 rangi ya manjano kwa sababu hiyo hiyo.

Mgeni_wa_Rangi: Shukrani. Na mlio ukiwa hafifu?

Mtutu_Mbili: Simama. Elekeza mtutu upande salama, subiri nusu dakika, toa risasi, kisha uchungulie mtutu ukitokea nyuma. Kizibo (kinachotenganisha baruti na marisaa) huenda kimebaki ndani.