Stashahada, shahada au kozi fupi: njia ipi inamtoa fundi sanifu wa wanyamapori anayeaminika?

NyayoMbichi
Wakuu, naombeni ushauri. Nimemaliza sekondari, sayansi nimefaulu kwa wastani, na moyo wangu uko kwenye ufundi sanifu wa wanyamapori na maliasili: kuhesabu wanyama, kupima miti, kuchukua sampuli za maji, kutega kamera. Kubeba bunduki sitaki, na uprofesa siuoti. Naona njia tatu. Kuna stashahada ya miaka miwili kwenye chuo cha wanyamapori, kuna shahada ya chuo kikuu, na kuna kozi fupi fupi huku nikijitolea kwenye miradi ya utafiti. Nyumbani wanasukuma shahada. Mliotangulia mnasemaje?

Kipenyo130
Karibu, mdogo wangu. Mimi ni wa stashahada, nina miaka tisa kazini, na ningerudi ujana ningechagua hiyo hiyo.

Sababu yangu ni moja: ilinifunza mkono. Kila kitabu kitakwambia kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Sasa mti uko mteremkoni, unasimama upande gani? Upande wa juu. Umegawanyika chini ya hiyo mita 1.3? Kila shina linapimwa kivyake kama mti. Utepe umelala mshazari kidogo tu, mti "umenenepa". Mwalimu wetu alikuwa akipita nyuma yetu na kupima upya baadhi ya miti bila kutuambia ni ipi. Namba zikipishana, kundi lilirudia ploti nzima, jua likiwa utosini. Nililia siku moja, kweli. Lakini leo nikiandika sentimita 34.2, najua ni 34.2.

Nimepokea wahitimu wa shahada wenye akili nyingi ambao walikuwa hawajawahi kutembea na dira. Mmoja alisahau kurekebisha tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Kosa la nyuzi 10 tu, na baada ya kilomita moja uko zaidi ya mita 170 pembeni ya mstari wako.

Data_Kwanza
Kaka Kipenyo, nakuheshimu, ila hapo mwisho umewaonea. Mimi ni wa shahada na nimeona upande wa pili.

Tulikuwa tunahesabu swala kwa kutembea kwenye mistari iliyonyooka. Njia hii inasimama juu ya umbali kati ya mnyama na mstari, kwa sababu kadiri mnyama anavyokuwa mbali ndivyo uwezekano wa kumwona unavyopungua, na hesabu inatumia upungufu huo kukadiria wale tuliowakosa. Mwenzetu mmoja, mkono wake mwepesi kuliko wetu sote, alikuwa anapima mpaka pale mnyama aliposimama baada ya kukimbia, si pale alipoonekana kwanza. Umbali mwingine alikuwa anauzungusha: 10, 20, 50. Hakuwa mvivu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumweleza namba ile inakwenda kufanya kazi gani. Msimu mzima wa kazi ukatoka na kadirio ambalo hatukuweza kulitetea.

Shahada ilinipa hiyo "kwa nini". Pia waajiri wengi humtaka mwenye shahada anapotafutwa kiongozi wa timu, na usipoifikiria leo utaikuta mbele.

Kipenyo130
Hilo la swala nakubali, tena lote. Kwenye stashahada yangu takwimu tulizipitia juu juu.

MamaKola
Wanangu, mmeiruka njia ya tatu, na mimi nimetokea huko. Nilianza kwa kujitolea, nikafundishwa kufuatilia wanyama waliovishwa kola za redio, na cheti changu cha kwanza kilikuja baada ya miaka.

Ujuzi wa porini haukuanzia darasani. Louis Liebenberg, mtaalamu wa nyayo wa Afrika Kusini, alipobuni CyberTracker miaka ya 1990, programu ya kurekodi nyayo na wanyama kwenye kompyuta ya mkononi, aliiwekea alama za picha ili wafuatiliaji nyayo wa Kalahari wasiojua kusoma waweze kuingiza wenyewe walichokiona. Watu hao walikuwa wanasoma mchangani mambo ambayo mtafiti alikuwa anayapita.

Lakini sitakudanganya, mwanangu. Miradi mingine itakufanya mbeba mizigo miezi sita, na utatoka bila hata ukurasa mmoja wenye jina lako. Kabla ya kukubali, uliza nani atakusimamia na utafundishwa kupima nini. Ukiona wanakwepa, ondoka.

Na njia yoyote utakayoshika, jifunze huduma ya kwanza ya maeneo ya mbali. Ile ya msingi huwa kama saa 16, ile ndefu hufika saa 70 hadi 80. Ukipata nafasi chukua ndefu, kwa sababu inakufundisha kukaa na majeruhi usiku kucha gari likiwa halijafika. Ukienda kushika popo au wanyama wala nyama, chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie.

Ploti_ya_Saba
Naongeza kidogo kuhusu kamera, kwa kuwa umezitaja. Kozi ya siku chache inatosha kukufundisha kuzitega: usielekeze mawio wala machweo, fyeka nyasi za mbele, hakikisha tarehe na saa ni sahihi. Kuzitega wapi ili picha zijibu swali la utafiti, hilo ni somo la muda mrefu. Usilipe miaka miwili kwa jambo la kwanza, na usidhani siku tatu zitakupa la pili.

NyayoMbichi
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Naelekea kwenye stashahada kwanza, kisha shahada nikiwa kazini. Kinachonitatiza: vyuo vyote vinaandika "mafunzo kwa vitendo" kwenye matangazo yao. Nitavitofautishaje?

Data_Kwanza
Uliza siku ngapi za uwandani kwa muhula, na wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja wakiwa huko. Uliza pia kama data mnazokusanya mnazichambua wenyewe mpaka ripoti. Chuo kinachokusanyisha namba kisha kikaziacha kwenye kabati kinakupa nusu ya kazi.

Kipenyo130
Mimi ningefanya jambo moja tu: nenda, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwombe akuonyeshe daftari lake la uwandani. Usiangalie kurasa zilizojaa wanyama. Tafuta siku ambayo hawakuona kitu. Ukikuta tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, majina ya waliokuwepo, na sifuri iliyoandikwa wazi, jiandikishe. Ukikuta siku hizo zimerukwa, endelea kutafuta.

NyayoMbichi
Alhamisi naenda cha kwanza. Nitarudi hapa kuwaambia nilichokikuta.