Naomba ushauri: vilele viwili kwenye spektra, plasmoni na eksitoni zimeungana kweli?

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nimeweka nanofimbo za dhahabu (fimbo ndogo mno ambazo elektroni zake huyumba pamoja zikipigwa na mwanga, ndiyo plasmoni) juu ya tabaka moja la tungsteni disulfaidi, ambalo eksitoni yake (elektroni iliyoshikana na nafasi iliyoiacha) iko karibu na nanomita 615. Nikipima mwanga unaotawanywa na fimbo moja, napata vilele viwili vyenye bonde katikati, vikiachana kwa milielektronivolti 90 hivi. Nikashangilia.

Msimamizi wangu akanikata stimu. Kilele cha plasmoni yangu kina upana wa milielektronivolti 150, cha eksitoni 40, wastani 95, na vilele vyangu vimeachana kwa 90 tu, kwa hiyo mpachano (plasmoni na eksitoni kuungana) haujavuka kizingiti cha kuitwa wa nguvu. Anasema bonde hilo linaweza kuwa ni eksitoni inameza mwanga tu.

Ninazo fimbo za urefu tofauti, na nimeanza kuchora kama vilele vinakwepana nishati ya plasmoni inapopita ile ya eksitoni. Je, hilo linatosha, au lazima nipime pia ufyonzaji, yaani mwanga unaomezwa? Kuna aliyesema nipoze sampuli, lakini naona hilo litapunguza zaidi upana wa eksitoni, wakati upana unaonisumbua ni wa plasmoni ya dhahabu. Nihamie kwenye fimbo za fedha (silva), ingawa inachakaa haraka hewani? Mwenye uzoefu anisaidie, muda wa tasnifu unanibana.