Mjadala: Mwenye kompyuta ya nyumbani awe na haki ya kukataa apdeti zinazojiweka zenyewe?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Kwenye Windows Home, ile ya kompyuta za nyumbani, apdeti si hiari. Unaweza kuzisimamisha hadi siku 35, kisha lazima ziingie ndipo uruhusiwe kusimamisha tena. Na kitufe chenyewe cha kusimamisha kwa watu wa Home kimekuja 2019. Mwenzako mwenye Windows Pro, ya bei ya juu zaidi, anasogeza toleo jipya mbele hadi siku 365. Yaani kusema "sitaki" kumewekewa bei.

Tukumbuke pia ya 2016, Microsoft walipokuwa wakiwavuta watu wa Windows 7 na 8 kwenda 10. Kidirisha kikitokea, ukibonyeza X ukidhani umekifunga, ilihesabika umekubali. Mama mmoja wa California mwenye wakala wa safari aliwashtaki kwa kuharibikiwa kompyuta ya kazi, akapewa dola 10,000, Microsoft wakaiacha rufaa yao. Oktoba 2018 ikashuka apdeti iliyofuta mafaili ya baadhi ya watu. Waliiondoa ndani ya siku chache, ikarudi Novemba.

Msimamo wangu: viraka vya usalama, yaani apdeti za kuziba matundu, vije tu. Lakini toleo jipya, menyu mpya, matangazo kwenye menyu ya Start, akili mnemba ambayo sijaiomba, niulizwe kwanza. Na "hapana" yangu isiwe na tarehe ya kuisha.

FundiMeza
Mkuu, mimi niko upande wa pili. Mpe mtu kitufe cha "hapana" ya kudumu, atakibonyeza kwa kila kitu, usalama na urembo humohumo. Kirusi cha WannaCry mmekisahau? Kiraka kilitoka 14 Machi 2017, shambulio likaja 12 Mei. Karibu miezi miwili! Kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa Windows 7, kiraka chao kipo, hawajakiweka. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hadi upasuaji. Tena kirusi kile kilikuwa kinajihamisha chenyewe kwenye mtandao, hakisubiri ubonyeze kitu. Kwa hiyo hiyo "haki yangu" inamuumiza na jirani.

Mleta mada
Hapo umepigana na hoja ambayo sijaitoa. Kiraka kile kilikuwa cha usalama, na vya usalama nimeshavikubali. Sasa jiulize, nani aliwazoesha watu kuzima kila kitu? Ukinidanganya kwa X leo, kesho hata ukiniletea dawa nitaikataa.

Bi Mkubwa wa Tanga
Nyie haki, mimi MB. Toleo jipya ni GB kadhaa, na kompyuta ikishika waifai ya simu haijui kama ni bando la jioni moja. Wanaotumia simu kama mimi: ingieni kwenye mipangilio ya waifai hiyo, washeni swichi iliyoandikwa Metered connection. Apdeti nyingi zitasubiri. Swichi ni ya mtandao mmoja mmoja, ukihamia simu nyingine iwashe upya. Halafu mtazame na Delivery Optimization, ikiwa imeruhusiwa hadi kompyuta za intaneti, bando lako linawatumia vipande vya apdeti watu usiowajua. Zimeni.

Kijana_wa_Mbeya
Mbona mnahangaika? Nazima huduma ya Windows Update kwenye services.msc, ile orodha ya huduma za Windows, maisha yanaendelea.

FundiMeza
Dogo, kuna huduma nyingine, Medic, kazi yake ni kuirudisha hiyo uliyoizima. Kaangalie tena. Bi Mkubwa, shukrani, hilo la swichi ningelisema mimi.

PengwiniHuru
Hamieni Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Apdeti unaziona kwenye orodha, unachagua, unaamua. Mjadala umefungwa.

Bi Mkubwa wa Tanga
Haujafungwa mwanangu. Programu yangu ya hesabu za duka ni ya Windows. Na huko kwenu Linux, kwenye Ubuntu, si ndiko programu za aina ya snap zinajisasisha zenyewe?

Mleta mada
Nirudi kwenye haki. Windows 10 iliisha msaada 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani zinakataliwa na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au kwa sababu ya prosesa. Wenye nazo wanazitaka apdeti za usalama, na hizo ndizo zikawekewa masharti: kulipa dola 30, kutoa pointi 1,000 za Microsoft, au kuwasha bakapu ya mipangilio kwenye akaunti yao, upate hadi 13 Oktoba 2026. Nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya ziliondolewa sharti la bakapu baada ya watetezi wa walaji kubana. Sisi hatukuondolewa. Hapa kwetu Tanzania FCC, Tume ya Ushindani, ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji. Kuna mdau yeyote aliyewahi kuwapelekea lalamiko la programu, si la bidhaa bandia?

FundiMeza
Sijawahi kulisikia. Ila ukiandika barua, weka na jina langu, kwa sharti moja: viraka vya usalama vibaki vya lazima.

Kijana_wa_Mbeya
Nimekagua. Imejiwasha.