Picha ya nyuzi ya Wahuichol: huyu kulungu anatoa nini mdomoni?

Mpishi_Melini
Wakuu habari zenu, mi napiga kazi jikoni kwenye meli, mwaka jana tulitia nanga Puerto Vallarta kule Mexico nikanunua picha imetengenezwa kwa nyuzi tupu, hakuna rangi ya brashi hata tone. Kuna kulungu wa bluu, mdomoni inatoka mistari ya rangirangi inaenda mpaka kwa mtu mwenye kofia ya manyoya, chini vimaua. Nimeitundika sebuleni, sasa mama watoto anasema mambo ya waganga hayo, toa. Ina maana gani, au pambo tu?

Bi_Kasuku
Shemeji hajakosea sana 😂 Hao Wahuichol wenyewe wanajiita Wixárika, wako milima ya Sierra Madre, Jalisco na Nayarit huko. Huyo kulungu kwao ndo Kauyumari, mjumbe kati ya miungu na mganga wao, mara'akame, hiyo mistari kwa kawaida ni maneno au wimbo unapita. Na hivyo vimaua hebu viangalie tena, kama ni duara limegawanyika kama chungwa lililokatwa basi ni hikuri, yaani peyote, dungusi lisilo na miiba. Kwao kulungu, mahindi na hikuri ni kitu kimoja, wakienda hija Wirikuta, jangwa la San Luis Potosí, hikuri ya kwanza wanaipiga mshale kabisa kama wanawinda, maana imeota kwenye nyayo za kulungu.

Fundi_Nta
Bi Kasuku kamaliza, ila mwambie shemeji atulie. Zile za ibada ni vibao vidogo, nierika, katikati kuna tundu au kioo miungu ichungulie, na haziuzwi, zinaachwa pangoni au kwenye chemchemi kama sala. Hizi kubwa za hadithi ni za kuuza, zilishika kasi miaka ya 1960 na wasanii wao akina Ramón Medina Silva. Wanapaka ubao nta ya nyuki na utomvu wa msonobari, halafu uzi unabonyezwa kwa ukucha, mstari kwa mstari. Sasa wewe usiiweke panapopiga jua!! yangu iliyeyuka kulungu akabaki na miguu miwili. Afu geuza nyuma, wengi huandika hadithi yenyewe huko.

Mpishi_Melini
Duh kweli, kuna maandishi ya peni, Kihispania, yamefifia. Nasoma "venado" na "maíz" basi. Nikitoka zamu naweka picha hapa, anayejua Kihispania akae karibu