Jagwa wa boneti ya Jaguar Mk 2 ameota vipele: tuchovye kromu upya au tumwache?

Boneti_Ndefu (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Kuna sanamu ya jagwa anayeruka, imetolewa kwenye boneti ya Jaguar Mk 2 ya 1962. Umbo limekamilika, hakuna kilichovunjika, ila kromu imeota vipele mgongoni na ubavuni. Viwili vimepasuka na ndani kuna unga mweupe. Sumaku haishiki. Gari linaandaliwa kwa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ya Ngong Racecourse, Nairobi.

Fundi mmoja wa kromu anasema ataizamisha kwenye asidi ya haidrokloriki hadi kromu ya zamani itoke, apige msasa, achovye upya (yaani aipake kromu kwa umeme ndani ya bafu la kemikali), siku mbili kazi imeisha. Bei yake nzuri mno hadi natia shaka. Je, hii ni brasi au ni nini? Na nitajuaje kama ni ya kiwandani, si nakala hizi za kumwagwa upya zinazouzwa mtandaoni?

NikeliKwanza
Mkuu, mzuie huyo fundi kabla hajafungua dumu. Unga mweupe ni zinki iliyooza. Jagwa wa Mk 2 ni aloi ya zinki ambayo Waingereza huiita Mazak: zinki yenye aluminiamu asilimia 4 hivi. Haidrokloriki inaondoa kromu vizuri sana, halafu inaendelea kula zinki yenyewe kwa mapovu. Akigeuka kujibu simu, akirudi anakuta masikio hayapo.

Kabla ya yote thibitisha metali, maana njia za brasi na za zinki hazifanani hata kidogo. Chukua mizani ya jikoni. Pima sanamu kavu. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sanamu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayosoma kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Ukipata 6.6 au 6.7 ni zinki, ukipata 8.4 na kuendelea ni brasi. Tikisa sanamu ndani ya maji kwanza, kwa sababu upande wa chini una uwazi, na hewa ikinaswa humo utapata jibu la uongo.

NikeliKwanza
Naongeza kuhusu vipele, maana watu hulaumu kromu bure. Kromu ya mapambo ni nyembamba mno, kama nusu mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tena ina nyufa zisizoonekana kwa macho. Kinachozuia maji ni nikeli iliyo chini yake. Nikeli ikiwa na tundu dogo tu, unyevu unapenya mpaka kwenye zinki, zinki inaoza, na uozo huo unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Ndiyo maana kipele kinavimba. Ukipiga msasa juu juu na kuchovya, kipele kitarudi palepale, kwa kuwa uozo umebaki shimoni.

Kazi ya kweli inakwenda hivi. Kromu inatolewa kwa umeme uliogeuzwa (sanamu ikiwa upande chanya) ndani ya maji ya sodiamu kaboneti, si kwa haidrokloriki. Nikeli nayo inatolewa kwa umeme uliogeuzwa, ndani ya asidi kali ya salfa. Maji yakizidi humo, asidi inaanza kula zinki, kwa hiyo sanamu iingie ikiwa kavu. Kisha kila kishimo kinachimbwa kwa biti ndogo ya mviringo hadi metali ing'ae. Weusi au weupe ukibaki, hujamaliza. Halafu shaba nyekundu ya bafu la sayanidi, mikroni 6 hadi 8, ifunike kila mahali. Ukianza na shaba ya bafu la asidi, inashambulia zinki na tabaka zima linakuja kubanduka kama ganda.

Hiyo ikishashika, ndipo shaba ya bafu la asidi iongezwe iwe nene. Hapo vishimo vinazibwa kwa lehemu, vinasawazishwa kwa msasa namba 320, 400, 600, shaba inarudiwa, nikeli mikroni 25 hadi 30, na kromu mwisho.

Angalizo la lehemu: kamwe isiguse zinki tupu. Bati na risasi ndizo hasa zinazooza aloi hii kutoka ndani, katikati ya chembe zake. Iwe juu ya shaba siku zote. Na tumia pasi ya lehemu, usitumie moto wa gesi. Lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inayeyuka karibu na nyuzi 190, zinki hii inaanza kulegea kwenye 380. Kwa moto wa gesi huo mwanya unauvuka kabla hujajua.

Sayanidi ni sumu ya kuua. Fundi asiye na mahali rasmi pa kuitunza na kumwaga maji yake, usimpe kazi hii hata kwa bure.

Mzee_wa_Rejeta
Nakubali kemia yote hapo juu, ila mnakimbilia kuchovya. Hiyo ni kazi ya mchongaji. Jagwa huyu alitoka mkononi mwa Frederick Gordon Crosby mwaka 1938, mchoraji wa magari wa jarida la The Autocar, wakati kampuni bado inaitwa SS Cars. Uzuri wake wote uko kwenye misuli ya paja la nyuma, kingo za masikio na zile mbavu zinazoonekana kwa kivuli tu. Gurudumu la kitambaa la kung'arishia halijui mbavu ni nini, linalainisha kila kinachojitokeza. Halafu shaba nene inakuja kujaza mabonde. Ndiyo maana sanamu nyingi zilizochovywa upya zinang'aa kama kioo lakini mnyama anafanana na samaki.

Kama vipele vilivyopasuka ni viwili tu, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, toa unga kwa kijiti cha mbao, ikaushe kabisa kwa feni, paka nta ngumu ya gari, rudia kila baada ya miezi mitatu. Usisugue kwa karatasi ya alumini. Mbinu hiyo ni ya kutu ya chuma, hapa hakuna kutu, utaongeza mikwaruzo bure.

Ukiamua lazima ichovywe, sharti liwe hili: kupolishi kwa mkono, kijiti na msasa kwenye uso, masikio na vidole. Gurudumu liishie mgongoni na tumboni. Piga picha za karibu pande nne kabla hujaitoa mkononi, taa ikiwa ubavuni ili vivuli vionekane, na fundi azione.

kalipa_mkononi
Kuhusu ya asili au ya kumwagwa upya: pima. Anayetoa kalibu kutoka kwenye sanamu halisi na kumimina brasi anapata kitu kidogo zaidi, kwa kuwa brasi inasinyaa asilimia 1.5 hadi 2 inapopoa. Kwenye milimita 200 utakosa 3 au 4. Kalipa, kile kipimo cha taya mbili, inaona hilo bila shida. Tafuta mwenye gari lisiloguswa, pima pua hadi ncha ya mguu wa nyuma, linganisha.

Pili, geuza uangalie chini. Ya kiwandani ilishindiliwa kwenye kalibu la chuma kwa shinikizo, kwa hiyo chini ni safi na unene unalingana. Iliyomiminwa kwenye kalibu la mchanga ina vinyweleo na alama za tupa. Tatu, meno ya bolti. Waingereza wa enzi hizo walitumia vipimo vya inchi. Nati ya milimita ikiingia bila kulazimisha, uliza maswali.

Na jibu la mizani likija 8.4 kwa jagwa wa Mk 2, hapo hakuna cha kujadili tena.

NikeliKwanza
Mzee wa Rejeta, kwa vipele viwili sawa, nta inatosha. Lakini mwanzisha mada kasema mgongoni na ubavuni. Vile ambavyo havijapasuka navyo vinaendelea kula chini kwa chini. Nta haifiki huko.

Mzee_wa_Rejeta
Inachelewesha. Kuna tofauti ya kishimo cha kina cha nusu milimita na sura iliyofutwa milele.

Kingine kwa wenye magari ya zamani zaidi: kromu ya magari ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920. Sanamu ya gari la 1924 yenye kromu ya buluu-buluu imekosewa, ilitakiwa nikeli yenye umanjano kidogo, au fedha. Zile za mwanzo za Spirit of Ecstasy, sanamu ya mwanamke aliyoichonga Charles Sykes mwaka 1911 kwa ajili ya Rolls-Royce, zilipakwa fedha. Enzi hizo sanamu ilikaa juu ya kifuniko cha rejeta, kwa hiyo ilipata mvuke na joto kila siku. Kifuniko kilipohamia chini ya boneti ndipo wachongaji wakapata uhuru wa kuilaza sanamu ndefu kama jagwa huyu.

taa_moja
Samahani kwa kudandia. Nyota ya boneti ya Benzi W123 (modeli ya zamani ya Mercedes) inalala nyuma yenyewe, inabadilishwaje?

kalipa_mkononi
Springi imechoka. Fungua boneti, shika kitako chake kwa chini, vuta kuelekea chini, zungusha robo mzunguko, itatoka kwa juu. Mpya inaingia kinyume chake. Usiikaze isimame imara: imewekwa springi ili ilale ikimgusa mtu. Kanuni za Ulaya zinataka pambo la namna hiyo lilale, lizame au ling'oke kwa nguvu ya deka-nyutoni 10, ni kama kilo 10. Uingereza ilishaanza kuyabana mapambo ya hatari kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia 1 Oktoba 1937.

Boneti_Ndefu
Nimepima. Kavu gramu 474, majini 71. Inakuja 6.68, zinki. Vipele nimevihesabu kwa lenzi: 19, na 6 viko shingoni karibu na sikio. Haidrokloriki imefutwa kwenye mpango. Mkiangalia idadi hiyo mnasemaje?

NikeliKwanza
19 ni ya kuchovya. Vya shingoni vichimbwe kwa biti ya milimita 0.5, lehemu iwekwe kwa tone, na isawazishwe kwa kijiti cha msasa tu, kama alivyosema mzee.

Mzee_wa_Rejeta
Kwa 19 sina ubishi. Mwambie fundi azibe meno ya bolti kwa nta kabla ya bafu la kwanza, la sivyo shaba na nikeli zitayanenepesha na nati itakwama, nawe utakaza mpaka mguu ukatike. Ukirudisha, weka kipande chembamba cha mpira kati ya sanamu na boneti. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko wa spana, basi. Oveni ya kukaushia rangi isiikaribie: ndani ya aloi kuna vijitundu vya hewa, na joto la nyuzi 180 linavivimbisha hata chini ya nikeli mpya.