Mary Dyer alikuwa binti wa nani? Naomba msaada kuhusu nasaba yake kabla ya kuhamia Boston

Mwalimu wa Kina Mama, Nairobi:

Hamjambo ndugu na dada. Nimeombwa na kina mama wa kanisa letu la Marafiki (Quakers) hapa Nairobi niandae somo kuhusu Mary Dyer, Mwingereza aliyehamia Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, pamoja na mumewe mwaka 1635 akiwa Mpuritani, yaani Mprotestanti wa kundi lililotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, ambaye baadaye alirudi Uingereza kwa miaka kadhaa na huko akajiunga na Marafiki, na hatimaye akanyongwa Boston tarehe 1 Juni 1660 kwa kurejea katika koloni lililokuwa limempiga marufuku. Habari za kifo chake ninazo za kutosha. Linalonisumbua ni mwanzo wake.

Chati za ukoo ninazozisoma kwenye intaneti zinagongana. Baadhi zinamwandika kuwa binti wa Lady Arbella Stuart, binamu wa Mfalme James wa Kwanza, na mumewe William Seymour, kwamba alizaliwa kwa siri na kulelewa na mtumishi wa kike aliyemficha. Nyingine zinamwandika Mary Barrett tu, bila baba wala mama. Baadhi ya kina mama wameisikia habari ya binti wa kifalme na wameipenda sana, nami sitaki kusimama mbele yao nikaeleza jambo nisiloweza kulitetea.

Naomba kufahamu ni lipi kati ya hayo mawili lenye ushahidi, na nasaba ya mwanamke wa wakati ule hufuatiliwa kwa njia gani. Tena, kwa nini ukoo wa mumewe unajulikana hadi kijiji alikobatizwa, ilhali wa Mary unakatika ghafla London?

Msoma Nyaraka:

Mwalimu, jina unaloweza kulitetea ni Barrett, na linasimama juu ya nyaraka mbili zinazoshikana. Ya kwanza ni rejista ya kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, ambako Mary Barrett alifunga ndoa na William Dyer tarehe 27 Oktoba 1633. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni hati ya mirathi ya Januari 1634 kutoka mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, inayokabidhi usimamizi wa mali ya marehemu William Barrett kwa watu wawili kwa pamoja: William Dyer wa parokia hiyohiyo, na mkewe Mary Dyer, anayetajwa pia kwa jina la Barrett. Marehemu alikuwa kaka yake.

Yeyote aliyewahi kusoma matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya ataelewa mara moja kwa nini hati ya aina hii ni ya thamani. Anayeomba kusimamia mali hutaja alikuwa nani kwa marehemu, na mahakama huwatanguliza walio karibu zaidi. Ndiyo maana watafiti wanasoma katika hati hiyo zaidi ya jina. Kama baba au mama yao angekuwa hai, au kama kungekuwa na kaka mwingine, inatarajiwa kwamba huyo ndiye angepewa usimamizi. Kwa hiyo inaelekea kwamba Mary, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alikuwa yatima, na kwamba alikuwa dada pekee aliyesalia au mkubwa wa dada zake. Hayo ni makisio yenye msingi, lakini uyatenge na yale yaliyoandikwa wazi.

Kuhusu mumewe, sababu ni kwamba wavulana waliacha nyayo ambazo wasichana hawakuziacha. William Dyer alibatizwa mwaka 1609 huko Kirkby LaThorpe, Lincolnshire, kisha akapelekwa London kujifunza kazi chini ya Walter Blackborne, na rejista za vyama vya wafanyabiashara wa London zilikuwa na desturi ya kuandika jina la baba wa kila mwanagenzi na mahali alikotoka. Msichana wa umri huohuo hakuandikishwa popote kati ya ubatizo na ndoa, labda awe ametajwa katika wosia wa mtu. Niongeze hapa kwamba nyaraka zinamwita Dyer muuza samaki kwa sababu alikuwa wa chama cha wauza samaki, lakini biashara yake hasa ilikuwa glavu, lesi na mapambo ya mavazi. Jijini London mtu aliweza kuwa wa chama kimoja na kufanya biashara nyingine, kwa hiyo usiwaeleze kina mama kwamba Mary aliolewa na mchuuzi wa samaki.

Mfuatilia Tarehe:

Ninaunga mkono aliyotangulia kuyasema, na ningependa kutahadharisha kuhusu kalenda, kwa sababu nasaba nyingi za watu wa wakati huo huharibikia hapo.

Uingereza na makoloni yake walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752. Januari ambayo sisi tunaihesabu kuwa ya mwaka 1634, karani wa mahakama aliihesabu kuwa bado ya 1633. Anayenakili bila kulijua hilo atadhani kwamba Mary aliitwa Dyer miezi tisa kabla ya harusi, na ama ataikataa hati ya mirathi kuwa si yake, au atambunia ndoa ya awali ambayo haikuwapo. Ukiiweka tarehe mahali pake, unapata kwamba bibi harusi alikabidhiwa mali ya kaka yake kabla hata miezi mitatu ya ndoa haijatimia, na hapo ndipo inapoeleweka kwa nini karani aliona haja ya kuandika majina yake yote mawili.

Mtego wa pili unatuhusu sisi hasa tunaohesabu miezi kwa namba. Wapuritani wa Boston walikwepa majina ya miezi yenye asili ya miungu ya Kirumi, wakaandika mwezi wa kwanza, wa pili, na kuendelea, lakini mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Samuel, mwana wa William na Mary, alibatizwa katika kanisa la Boston siku ya ishirini ya mwezi wa kumi mwaka 1635. Msomaji wa Nairobi ataandika Oktoba bila kusita, kumbe ni tarehe 20 Desemba, juma moja baada ya wazazi wake kupokelewa kuwa washiriki wa kanisa hilo. Marafiki nao walitumia hesabu hiyohiyo, kwa hiyo kagua kila tarehe utakayoitoa katika maandishi yao ya zamani.

Mzee wa Kawangware:

Mwalimu na wachangiaji wenzangu, nimesoma kwa makini na nina swali la haki. Mimi ni Mluhya, na majina ya baba zangu nimeyapokea kwa kusimuliwa na wazee. Hakuna karani aliyeyaandika, na sikubali mtu aniambie kwamba kwa hiyo si ya kweli. Ikiwa wazao wa Dyer walisimuliana kwamba bibi yao alitoka katika nyumba ya wafalme, ni kwa haki gani tunaitupa simulizi yao kwa sababu tu haina karatasi? Huenda ilifichwa ipasavyo, kwa kuwa mtoto kama huyo angekuwa hatarini.

Msoma Nyaraka:

Shikamoo mzee. Swali lako linastahili jibu kamili, kwa sababu mtu akijibu kwamba karatasi hushinda simulizi kila mara, atakuwa amepotoka.

Nasaba uliyoipokea haikupita kwa mtu mmoja tu gizani. Ilisemwa mbele ya watu wa nyumba nyingine walioijua pia, ilitumika kuamua nani asioane na nani na nani arithi shamba lipi, na anayekosea angesahihishwa palepale. Huo ni ushahidi, kwa sababu kuna mnyororo wa mashahidi waliokuwa na sababu ya kubisha. Hadithi ya Arbella haina mnyororo wa namna hiyo. Gavana John Winthrop alimwandika Mary katika shajara yake kuwa mwanamke mwenye majivuno, na angekuwa na kila sababu ya kutaja asili ya kifalme kama tetesi yake ingekuwapo. Marafiki walioandika habari zake kama shahidi wa imani nao hawaitaji. Kilichopo ni maneno ya Gerard Croese, Mholanzi aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba Mary hakutoka katika jamaa duni na kwamba alikuwa na mali ya kutosha. Ni hatua ndefu kutoka hapo hadi kiti cha enzi.

Kisha tazama maisha ya Arbella mwenyewe. Alifunga ndoa ya siri na Seymour mwezi Juni 1610, na wiki chache baadaye mfalme akawakamata wote wawili, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na dai lake katika urithi wa ufalme. Mwezi Juni 1611 alitoroka akiwa amevaa nguo za kiume, akakamatwa baharini, akafungwa katika Mnara wa London hadi alipofariki mwaka 1615. Mtoto wa ndoa ile ndiye aliyeogopwa kuliko jambo jingine lolote, na mama alikuwa chini ya macho ya walinzi na wapelelezi waliotumwa hasa kuchunguza jambo hilo, wala hakuna ushahidi wowote wa wakati huo kwamba alijifungua. Seymour naye alipatana na ufalme, akawa na familia nyingine, na aliishi hadi mwaka uleule Mary aliponyongwa.

Mwaka 1950 mtafiti wa nasaba G. Andrews Moriarty aliichambua hadithi hiyo na kuikanusha, huku akitabiri kwamba watu wataendelea kuiamini. Chati alizoziona Mwalimu zinaonyesha kwamba hakukosea.

Mwalimu wa Kina Mama, Nairobi:

Nawashukuru sana, na mzee nimshukuru kwa kuuliza lile ambalo nami ningeulizwa na kina mama. Limebaki moja. Mpwa wangu anasema siku hizi kipimo cha DNA humaliza ubishi wote. Je, wazao wa Mary waliopo Marekani hawawezi kupimwa ili wazazi wake wajulikane?

Mfuatilia Tarehe:

Kwa Mary, Mwalimu, kipimo hicho hakina pa kushika. DNA ambayo hupita bila kuchanganyika kutoka kwa mama hufika mbali kwa njia ya mabinti peke yao, binti hadi binti. Watoto wa Mary waliokua walikuwa Samuel, William, Mahershallalhashbaz, Henry, Charles, na binti mmoja aliyeitwa Mary kama mama yake. Binti huyo aliolewa na Henry Ward, na hakuna uzao wake unaojulikana. Wana waliipokea DNA hiyo ya mama yao lakini hawakuweza kuipitisha. Kipimo cha kawaida nacho kinazidiwa na umbali, kwa kuwa mtu aliye kizazi cha kumi na mbili ana nafasi 4,096 za mababu katika ngazi hiyo, na kilichosalia kutoka kwa mmoja wao ni kidogo mno, au hakipo kabisa.

Kazi inabaki kwenye wosia na rejista za parokia. Rejista hizo ziliamriwa mwaka 1538, na wosia za mahakama ya Canterbury zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London. Barrett lilikuwa jina la watu wengi, kwa hiyo kumpata Mary Barrett aliyebatizwa karibu na mwaka 1611 hakutoshi. Anayetafuta anahitaji nyumba yenye Mary na William kwa pamoja, ambayo wazazi wake walifariki kabla ya Januari 1634, na ikiwezekana wosia unaowataja wote wawili. Chati yoyote inayompa Mary baba kwa jina bila kuonyesha hayo, usiinakili.

Msoma Nyaraka:

Kama kina mama wanatamani kuona nasaba iliyokamilika, Mwalimu, wape ya rafiki yake Anne Hutchinson, ambaye Mary alitoka naye kanisani Boston mwezi Machi 1638 siku Anne alipotengwa na ushirika kwa mafundisho yake. Anne alibatizwa Alford, Lincolnshire, tarehe 20 Julai 1591, na wazazi wake, Francis Marbury na Bridget Dryden, wanajulikana bila utata. Baba yake alikuwa mhubiri aliyepata kushtakiwa na wakubwa wa kanisa lake, na watu wa aina hiyo huacha nyaraka nyingi. Nasaba hizo mbili zinakutana pia, kwa sababu Samuel, mwana wa Mary, alimwoa mjukuu wa Anne aliyeitwa Anne Hutchinson kama bibi yake. Katika chati yako mwandike Mary Barrett, dada wa William Barrett, uache wazi nafasi ya wazazi wake, na kila jina lililo chini yake lichukue hati yake kutoka Boston au Rhode Island, koloni jirani walikohamia akina Dyer.