Muhuri unafutika juu ya nailoni ya kung'aa, nifanyeje?

wa_Likoni: Jamani nisaidieni, natengeneza kadi za kubadilishana na wenzangu, zile ndogo za milimita 64 kwa 89, nimebandika ile nailoni inayogeuka rangi kama mgongo wa samaki nikapiga muhuri wa jahazi juu, saa nzima wino haujakauka, nikigusa tu tanga lote lahamia kidoleni. Kadi tisa zimeharibika na tunabadilishana Ijumaa!

mama_Kisauni: Pole mwanangu. Huo ni wino wa maji, nailoni hainywi wino kama karatasi. Tafuta wa spiriti, ule wa kupigia muhuri kwenye plastiki, hukauka upesi.

kadi_na_gundi: Mie hupiga muhuri kwenye karatasi kwanza, ikikauka ndio nafunika na nailoni. Tumia karatasi nyeusi na wino mweupe, rangi zinatoka kweli kweli, juu ya nyeupe zinapauka. Gundi paka pembeni tu, katikati itaonekana. Na nailoni usiipige pasi kabisa, yangu ilijikunja kama kachri.

wa_Likoni: Ahsanteni sana wallahi, nimejaribu nyeusi sasa hivi, nikiinamisha kadi jahazi lapita kwenye kijani halafu zambarau.